Vidole vya fundi kwenye ukumbi wa karate

Darasa langu la kwanza la mapigano lilinigharimu shilingi 60,000 kwa kila siku niliyohudhuria. Hesabu hiyo niliipiga baadaye sana, nimekaa mbele ya cherehani na daftari la oda, na iliniuma kuliko teke lolote nililopigwa tangu hapo. Kiingilio 60,000. Ada ya miezi mitatu 300,000, nilizotoa kwa mkupuo kwa sababu dada wa mapokezi aliniambia nikilipa mwezi kwa mwezi itakuwa 120,000. Katika miezi hiyo mitatu nilifika mara sita. Nauli sijaiweka.

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, mwaka wa 16 huu, na nakaa Kimara. Nilipoanza kutafuta darasa nilikuwa na miaka 39, watoto wawili, mgongo unaoanza kulalamika ikifika saa nane mchana, na shingo iliyokakamaa kiasi kwamba mteja akiniita kwa nyuma nageuka mzima mzima kama kabati. Nesi wa zahanati alinipima presha, akanipima tena, akasema, "Mama, tafuta kitu cha kukutoa jasho kabla hatujaanza kuandikiana dawa." Nikajaribu kukimbia asubuhi. Vilima vya Kimara unavijua, na vijana wa kijiweni unawajua pia. Wiki mbili, nikaacha.

Mapigano yalikuwa hamu ya zamani. Nimekulia Tanga, enzi za mabanda ya video. Kaka zangu walikuwa wakitoka kumtazama Bruce Lee wanarudi kurushiana mateke uani hadi giza linaingia, sisi wasichana tunatumwa maji. Karibu miaka 30 nilikaa na kiu hiyo bila kumwambia mtu. Nilipomwambia mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya Tunduma na nyumbani yupo siku nane kwa mwezi, alicheka kwanza, halafu akasema sawa. Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Mwanangu, mwanamke wa umri wako anarusha mguu ili iweje?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa swali nililoanza nalo: mtindo upi ni mkali? Nilimuuliza kila mtu. Jirani yangu wa duka la zipu alisema judo. Shemeji akasema kung fu, bila sababu yoyote. Bodaboda wangu akasema hayo yote ni maigizo, ngumi ndiyo mambo. Usiku watoto wakilala nilikuwa kwenye simu hadi saa sita, nasoma na kutazama. Nikajua kwamba judo ilianzishwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, kwamba karate ilitoka kisiwa cha Okinawa na Gichin Funakoshi akaionyesha Tokyo mwaka 1922, kwamba taekwondo ni ya Wakorea na medali zake Olimpiki zilianza Sydney mwaka 2000. Nikajua pia kuwa karate iliingia Olimpiki ya Tokyo, ile iliyofanyika 2021, halafu Paris 2024 haikuwepo. Hilo la mwisho nililitumia kuikataa karate, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nasubiriwa Paris.

Miezi mitatu ya kusoma. Na katika yote niliyosoma hakuna kitu kilichoniambia darasa linaisha saa ngapi, nitarudi nyumbani na usafiri gani, na mwalimu ni mtu wa namna gani.

Basi nikachagua jiu-jitsu ya Kibrazili, kwa sababu video zilisema mtu mdogo anaweza kumshinda mkubwa, na mimi ni mdogo. Ukumbi ulikuwa upande wa Masaki. Sina ubaya wa kuwasema wale watu: mikeka safi, kiyoyozi, mwalimu mpole anayeeleza hatua moja mara kumi bila kukunja uso. Tatizo lilikuwa barabara. Kipindi kilianza saa kumi na mbili na nusu jioni. Mimi nafunga kibanda saa kumi na moja mteja akinihurumia, na wateja wa Kariakoo huruma hawana. Kutoka hapo hadi Masaki jioni ni foleni. Kutoka Masaki hadi Kimara usiku ni safari ya pili. Siku ya kwanza nilifika nyumbani saa nne kasoro, watoto wamelala, mama mkwe amekaa sebuleni na taa moja, kimya. Kimya chake kilikuwa kirefu kuliko foleni.

La pili nililopaswa kuuliza kabla ya kutoa pesa: wanawake wapo wangapi, na wanakuja siku zipi? Jiu-jitsu ni ya chini, mnakumbatiana na kubanana kama nguo kwenye begi. Nilimwambia mwalimu kwamba napenda nipangwe na mwanamke, akakubali bila maneno. Lakini mwanamke mwingine alikuwa mmoja tu, na yeye alikuja Jumanne. Siku ambazo hakuja nilifanya mazoezi ya peke yangu pembeni kama mtoto aliyenyimwa mpira. Sikuonewa hata kidogo. Mahali pale hapakuwa pananifaa, nami nilikuwa nimeshalipa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetafuta darasa, fanya nilichokuja kukifanya mwaka mmoja baadaye: kabla ya kulipa, safiri kwenda huko siku ile ile na saa ile ile ya darasa, mara mbili, moja iwe siku ya mvua. Fika, geuka, rudi. Ukifika nyumbani ukiwa bado una nguvu ya kuuliza watoto habari za shule, endelea na mipango. Na usilipe miezi mitatu. Punguzo la ada ndefu huwafaidi walioshajijua kuwa watabaki.

Kosa la pili lilizaliwa na hasira ya la kwanza. Nikajiambia sasa nataka karibu na rahisi. Karibu na kwangu kulikuwa na kundi la karate, 20,000 kwa mwezi, wanafanyia kwenye uwanja wa sakafu ya saruji. Nilisikia kelele zao nikiwa natoka kituo cha mwendokasi, nikaingia, nikajiandikisha jioni ile ile. Sikukaa hata dakika tano kutazama. Fundi mzima, ambaye sinunui kitambaa bila kukivuta, kukikunja na kukitazama kwenye mwanga!

Dalili zilikuwepo, tena kubwa. Mwalimu hakuniuliza kitu zaidi ya jina na pesa. Wanafunzi wote walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 25; mtu mzima hakuwepo hata mmoja, na ukiona darasa ambalo wenye miaka 40 hawapo, jiulize wameenda wapi. Maji yalinywewa kwa ruhusa, na ruhusa ilitolewa kama fadhila. Aliahidi mkanda mweusi ndani ya mwaka mmoja kwa "mwenye bidii", ilhali popote nilipouliza baadaye niliambiwa ni miaka mitatu hadi mitano na kuendelea. Kulikuwa na mtihani kila baada ya miezi miwili, kila mtihani na ada yake, na cheti chake, na mkanda wake wa kununua kwake.

Siku ya tatu akanipanga kwenye sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi. Sikuwa nimefundishwa hata kusimama. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa miaka 20, mzuri tu, hakuwa na nia mbaya. Akarusha teke, nami nikafanya kile ambacho kila mtu asiyefundishwa hufanya: nikanyoosha mkono wazi kulizuia. Teke likagonga ncha ya kidole cha kati, mkono wa kushoto. Nilisikia mlio mdogo kama uzi mkavu unaokatika.

Kama kazi yako ni ya kuongea, huenda huoni uzito wa jambo hili. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Wa kulia unashika mkasi na kugeuza gurudumu, lakini pindo linanyooka kwa vidole vya kushoto. Na ilikuwa mwezi wa Shaabani. Mafundi wenzangu mnajua maana yake: oda za Idi zinaanza kuingia, madera, magauni ya watoto, kanzu, huo ndio msimu unaolipa kodi ya kibanda kwa nusu mwaka.

Mwalimu aliangalia kidole akasema, "Karate si ya mayai." Vijana wakacheka. Nilitoka pale nikiwa nimeshika mkono wangu kama nimebeba kifaranga, na nilipofika kwenye kona ya giza nililia. Kidole hakikuwa kinaniuma kiasi hicho. Niliona aibu kwamba nimejipeleka mwenyewe.

Eksirei ilionyesha hakijavunjika, kimeteguka kwenye kiungo. Daktari alikifunga pamoja na jirani yake, akaniambia wiki tatu bila kukitumia. Eksirei na kumwona daktari, 45,000. Kijana wa kunisaidia kushona, 12,000 kwa siku kwa siku 18, ni 216,000. Oda nilizozirudisha sikuzihesabu, lakini mteja mmoja wa miaka saba alienda kwa fundi wa jirani na hajarudi hadi leo. Tukikutana tunasalimiana kwa adabu nyingi mno. Niliomba nirudishiwe hata nusu ya ada. Niliambiwa pesa ikishaingia kwenye kitabu haitoki.

Nilikaa miezi mitano bila kutaka kusikia neno karate. Mama mkwe, kwa haki yake, hakusema "nilikuambia". Alinipikia supu ya kongoro na kunimenyea vitunguu.

Kilichonirudisha kilikuwa harusi. Tulikwenda Unguja kumwoza binti wa mjomba wangu, na mtoto wa kiume wa nyumba ile anacheza judo. Zanzibar wana judo yao ya siku nyingi, waliyoletewa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia huko, na kijana akaniomba niende kumtazama kabla ya shughuli za jioni. Safari hii nilikaa. Saa nzima na nusu, nimevaa nguo ya harusini, mkoba mapajani, natazama.

Nilichokiona ni watu wanaanguka. Karibu theluthi ya kipindi ilikuwa kuanguka tu: nyuma, ubavu, mbele kwa kubiringika, mkono unapiga mkeka, kidevu kimeingia kifuani. Wenye mikanda ya juu wanaanguka sawa na watoto. Mtu mmoja mnene, mtu mzima, alikuwa anakosea kila mara, na nikajikuta simwangalii yeye bali wanaomzunguka. Hakuna aliyecheka. Mwenye mkanda wa kahawia alikwenda kupiga magoti pembeni yake, akamshikia kichwa, wakarudia. Nikajiambia: ukitaka kujua darasa lilivyo, usimtazame bingwa wao. Mtazame aliye dhaifu kuliko wote, uone wanamfanyaje. Hilo nililipata bure, nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Nilitaka judo kwa wiki mbili baada ya hapo. Halafu nikavikumbuka vidole. Judo ni kushika: unakamata kola na mkono wa nguo ya mwenzako, yeye anaupangua, unashika tena, mara mia. Wachezaji wake wa muda mrefu vidole vyao huvimba vifundo kama tangawizi. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama fundi badala ya kufikiri kama mtazama video. Kila mchezo una mahali unapokula mwilini mwako. Judo na jiu-jitsu hula vidole. Taekwondo, yenye mateke ya juu, hudai nyonga na magoti. Ngumi hula kifundo cha mkono, na ukifika kwenye sparingi ya kweli, kichwa. Karate inategemea mwalimu: kuna wanaogusana kidogo tu, na kuna wanaotwangana mbavu bila kinga. Mwenye kazi ya kuendesha bajaji aulize magoti. Mwenye kazi ya kompyuta aulize vifundo vya mikono. Swali la mtindo upi ni mkali nikaliacha, nikaanza kuuliza: huu mchezo utakula wapi, na mimi nala kwa kiungo kipi?

Nilipita pia jimu moja ya ngumi maeneo ya Manzese, kwa ajili ya bodaboda wangu asije akasema sikumsikiliza. Nilipapenda, nasema kweli. Mafuta ya kuchua yananuka hadi nje, magunia yamefungwa plasta, kamba zinapiga sakafu kwa mpigo mmoja. Kocha alikuwa mzee mkavu. Akaniuliza, "Dada, hapa tunatengeneza mabondia. Wewe unataka kutengenezwa nini?" Nikamwambia nataka mgongo usiniume na nijue kurusha teke. Akasema, "Mateke sisi hatuna. Na mgongo utapona, lakini vijana wangu wana mapambano, sitakuwa na muda wako." Nikamshukuru hadi akashangaa. Nilikuwa nimetumia zaidi ya 600,000 kutafuta mtu wa kunijibu hivyo.

Darasa nililobaki nalo nililiona mara tatu kabla halijaniona. Lipo kwenye ukumbi wa shule ya msingi, dakika 12 kwa miguu kutoka kwangu, Jumatano saa kumi na mbili jioni na Jumamosi asubuhi. Ni karate ya Goju-ryu, mtindo ulioanzishwa na Chojun Miyagi wa Okinawa, ambao hapa Dar es Salaam una mizizi mirefu tangu enzi za kundi la karate la Zanaki. Goju maana yake ngumu na laini. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha mwanafunzi wa ushonaji: kitambaa ukikivuta kwa nguvu kinakunjamana, ukikiachia kabisa kinapinda.

Siku ya nne nilisogea mbele nikajitambulisha. Mwalimu ni mtu wa miaka 50 na kitu, mfupi, anaongea polepole. Swali lake la kwanza halikuwa jina, wala halikuwa pesa. Aliuliza, "Unafanya kazi gani?"

Nikasema fundi cherehani. Akaomba aone mikono yangu. Akakigusa kile kidole cha kati, akauliza kiliumia lini, kinakunjika hadi wapi. Kisha akasema, "Hatutapiga mbao. Kuzuia tutafanya kwa mkono uliofungwa. Msimu wa oda ukifika utaniambia mapema, mwezi huo utafanya kata, ile miondoko ya kupangwa unayoifanya bila mpinzani, na pumzi tu." Baadaye akachukua daftari akaniandikia gharama zote: ada 25,000 kwa mwezi, hakuna kiingilio, mtihani 15,000 na si zaidi ya mara mbili kwa mwaka, nguo usinunue hadi miezi miwili ipite tuone kama utabaki. Akauliza pia habari ya presha na kama natumia dawa yoyote. Mwisho kabisa ndipo akauliza jina.

Nikamwandikia namba ya mume wangu ya dharura. Usiku ule nilimsimulia mama mkwe yote, na alichosema ni, "Huyo kalelewa."

Sasa yale ya mwilini, ambayo hakuna aliyenitayarishia. Wiki ya kwanza nilishuka ngazi za kibanda kinyumenyume kwa sababu mapaja yalikuwa yamegoma. Hayo yanapita. Jingine ni la aibu kidogo, lakini kina mama mtanielewa: nimezaa mara mbili, na siku ya kwanza ya kuruka kamba mkojo ulinitoka. Kidogo, ila wa kutosha kunifanya nitake kutoroka. Nilimnong'oneza mama mmoja mwenye mkanda wa kijani, naye akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba na yeye ilimtokea. Akanishauri nivae pedi kwa sasa, nianze mazoezi ya kubana misuli ya nyonga nikiwa nimekaa kazini, na ikiendelea nimwone daktari. Kazini nakaa saa tisa, nafasi ya kubana ninayo. Baada ya miezi michache hali ikawa nyingine. Ningekuwa kwenye lile darasa la "si ya mayai" ningemwambia nani?

Mtandio. Siku ya kwanza nilikuja na pini tatu kichwani, mwalimu akaniomba nizitoe kabla hajanikaribisha kwenye mstari, na ana haki: pini ikichomoka kwenye jicho la mtu ni msiba. Nikajishonea ushungi wa kuvaa kichwani moja kwa moja kwa kitambaa cha jezi, hauna pini wala kifungo. Pete nazo vua, kucha kata. Na kinga ya meno nunua hata kama hamgusani, ile ya kuchemsha kwenye maji ya moto ukaing'ata ichukue umbo lako. Jino moja kwa daktari ni bei ya kinga nyingi.

Kuhusu nguo, nilikuwa na kiburi cha fundi. Nilipomaliza miezi yangu miwili nikasema mimi siwezi kununua gi, ile nguo nyeupe ya karate, nitashona. Niliichunguza ya mwalimu kama ninavyochunguza gauni la mteja wa kuringa: mishono miwili miwili mabegani, kitambaa cha pili magotini, na kile kipande cha pembe nne kati ya mapaja kinachouruhusu mguu kupanda bila suruali kupasuka. Nikanunua mita nne za drili nyeupe, nikakata, nikashona, nikapendeza. Nikafua. Ikarudi imepungua inchi mbili mikononi. Miaka 16 ya ufundi, na sikuloweka kitambaa kabla ya kukata! Watoto wa darasani waliniita "Dada Fundi Mikono Mifupi" hadi niliposhona ya pili.

Watoto hao nao ni somo. Mwenye miaka 40 utafundishwa na mwenye miaka 12, tena mbele za watu. "Shangazi, kisigino hakijashuka." "Shangazi, umepumua lini?" Mwanzoni damu ilikuwa inanipanda. Kuna Jumamosi nilimjibu mmoja vibaya, akanyamaza, na mwalimu akatusimamisha wote tuinamiane. Nikainama mbele ya mtoto ambaye sare yake ya shule nimeishona mimi. Ilikuwa ngumu kuliko mateke, lakini kisigino kilishuka.

Watu huniuliza kama sasa naweza kujihami. Mwalimu wangu husema mwizi akitaka simu mpe simu. Tunachofanya zaidi ni kujitoa mkononi mwa mtu, kupaza sauti, na kukimbia, na hata hivyo anarudia kwamba kisu hakina mkanda. Walimu wanaouza ujasiri wa kupambana na majambazi kwa mwezi mmoja nimekutana nao, nami nawaogopa kuliko majambazi.

Mama mkwe aliporudia lile swali lake la umri nilikuwa na jibu, nililolipata kwenye zile saa za usiku za simu, ambazo kumbe hazikupotea zote. Alikuwepo mama wa Kijapani, Keiko Fukuda, mwanafunzi wa Jigoro Kano mwenyewe, mfupi kuliko mimi. Kwa miaka mingi walimzuia kwenye dan ya tano, dan ni daraja za mkanda mweusi, kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 2011 shirikisho la judo la Marekani lilimpa dan ya kumi, akiwa na miaka 98. Mama mkwe alifikiri kidogo, akauliza, "Na yeye alikuwa anarudi nyumbani saa nne usiku?"

Kidole changu hakijapona chote. Asubuhi za mwezi wa saba, kukiwa na baridi, hakikunjiki hadi nikiloweke kwenye maji ya moto, na sindano ndogo za kumalizia kwa mkono namwachia msaidizi. Mgongo umetulia. Presha imeshuka, nesi ameandika namba na kuizungushia duara. Nina mkanda wa njano, na ndani ya miaka miwili hii nimekosa vipindi vingi kwa sababu ya mvua, homa za watoto na misimu miwili ya Idi, na hakuna aliyenidai.

Mtihani unaofuata ni Jumamosi ya wiki ijayo. Darasa limenipa kazi ya kushona gi 14 za watoto, kwa bei ya kitambaa na uzi. Kumi zimekwisha, zote nimeziloweka kwanza. Ya mwalimu imeletwa pia, kwapa limepasuka pale pale nilipoziba mwezi uliopita, na hata sasa amegoma kunipa vipimo vya kumshonea mpya.